UZI: Miaka sita ya deni la kadi ilitoka wapi?

1/ Kila tukijadili madeni huku, kuna wale wa "deni ni deni, lipa" na wale wa "miaka sita ikiisha hudaiwi." Kila upande umeshika nusu ya ukweli. Twende polepole.

2/ Hiyo miaka sita haikuanzia Nairobi. Ni ya Uingereza, 1623, enzi za Mfalme James I. Bunge lilisema mwenye kudai deni la kawaida akikaa miaka sita bila kushtaki, mdaiwa anaweza kuipinga kesi kwa sababu hiyo tu. Mbona? Risiti hupotea, mashahidi hufa, na si haki mtu kuishi na kesi kichwani maisha yake yote.

3/ Lakini mahakimu wakaacha mlango: mdaiwa akikiri deni, miaka inahesabiwa upya. Basi watu wakawa wanakuja kortini na "alikiri kwa mdomo, nilimsikia." Mwaka 1828 Bunge likasema imetosha, kukiri kuwe kwa maandishi na kutiwe sahihi.

4/ Kenya ikarithi. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 22, ilianza kutumika Desemba 1967. Deni la mkataba, la kadi likiwemo: miaka sita. Mdai akishapata hukumu: miaka 12 kuitekeleza. Kukiri bado kunataka maandishi na sahihi. Ila malipo hayahitaji sahihi. Ukilipa hata kidogo, hesabu inaanza upya.

5/ Hapo ndipo mjomba wangu aliponaswa. Aliacha kulipa kadi 2018 baada ya kufutwa kazi. 2023 akapigiwa simu: "Mzee, tuma tu mia tano tuonyeshe una nia." Akatuma, roho itulie. Muda wa kumshtaki ulikuwa uishe 2024. Ile mia tano ikausogeza hadi 2029. Hakuna aliyemdanganya. Hakuna aliyemwambia pia.

6/ Sasa siasa. Sheria ya 1623 haikumfunga mfalme. Muda haukuhesabiwa dhidi yake. Sura ya 22 nayo imeacha nje kesi za Serikali za kudai kodi. Yaani benki ikilala miaka sita inapoteza kesi, lakini Serikali ikilala, ushuru wako bado uko macho. Ukiona mtu jukwaani akisema sheria hii "inabembeleza wasiolipa", muulize kuhusu hilo kwanza.

7/ Pia tusidanganyane: muda ukiisha, deni halifutiki. Kinachokufa ni nguvu ya kukupeleka kortini. Na hata hiyo haifi yenyewe. Ukishtakiwa ukanyamaza, hukumu inaweza kutoka dhidi yako. Lazima ujibu kesi na useme muda umepita.

8/ Mjomba anasema angelipa tu, ni deni lake. Sawa. Lakini angelipa akijua. Kabla hujatuma hiyo mia tano, hesabu miaka.