Sura za Watu na Vipimo vya Wageni

Kijana wa Rwamishenye ambaye leo huinua simu mbele ya uso wake ili imfungulie, na ambaye pengine, katika programu nyingine, amekwisha kuikabidhi sura yake kwa kampuni ya ng'ambo kwa kubonyeza neno moja la kukubali, aghalabu hajui kwamba katika Bukoba hii hii, mwaka 1907, walifika wageni ambao miongoni mwa shughuli zao ilikuwamo ile ya kupima nyuso za watu.

Msafara ule, chini ya mwanamfalme wa Kijerumani Adolf Friedrich wa Mecklenburg, ulikusanyika Bukoba, kituo kilichoasisiwa na Emin Pasha mwaka 1890, ndipo ukashika njia ya kuelekea Rwanda. Mtaalamu wake wa anthropolojia, Jan Czekanowski, aliwapima maelfu ya watu walio hai, kichwa, pua na uso. Na wafu nao hawakusalimika, kwa maana alikusanya mafuvu yapatayo 1,000, mengi yakiwa yametwaliwa makaburini pasipo ridhaa ya jamaa zao, yakapelekwa Berlin kwa mtaalamu mwenzake, Felix von Luschan. Elimu hiyo ilidai kwamba uso ni hati isomekayo, na kwamba mwenye kipimo mkononi aweza kumpa kila mtu kabila lake, tabia yake na daraja yake. Dai hilo lilikuwa batili, lakini katika Rwanda lilitia mizizi. Na wazee wa mkoa huu hawajasahau mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, mto Kagera ulipokuwa ukiteremsha maiti hadi Ziwa Viktoria.

Kipimo kile hakikutoweka, bali kilihamia katika kompyuta. Mwaka 2018 Joy Buolamwini, mwenye asili ya Ghana, na Timnit Gebru, mzaliwa wa Ethiopia, walizijaribu programu za IBM, Microsoft na Face++ zilizodai kutambua uso wa mwanamume na wa mwanamke, wakakuta kwamba ile ya IBM, ambayo kwa wanaume weupe haikukosea hata mara 1 katika 100, kwa wanawake weusi ilikosea zaidi ya mara 34 katika 100. Yaelekea mashine zilikuwa zimefundishwa kwa picha ambazo nyingi zilikuwa za watu weupe.

Makampuni yalijibu kila moja kwa namna yake. Amazon kwanza iliukana uchunguzi uliofuata, ulioigusa programu yake. Lakini baada ya George Floyd kuuawa na polisi huko Minneapolis, Mei 2020, na barabara za Marekani kujaa waandamanaji, IBM iliiacha biashara ya kutambua nyuso, Amazon ikawazuia polisi kuitumia programu yake kwa mwaka mmoja, kisha ikarefusha zuio, na Microsoft ikasema haitawauzia polisi mpaka iwepo sheria. Facebook, iliyokwisha kukubali kulipa dola milioni 650 katika kesi ya alama za nyuso huko Illinois, ilitangaza Novemba 2021 kwamba itafuta alama za nyuso za watu zaidi ya bilioni 1. Na mwaka 2024 kampuni hiyo, kwa jina la Meta, ikairudia kazi ya kutambua nyuso, safari hii kwa hoja ya kuwanasa matapeli. Siwezi kuliita hilo toba, maadamu kila hatua ilikuja baada ya mahakama au ghadhabu ya umma, na kilichotolewa kwa hisani chaweza kutwaliwa tena kwa hiari ya mtoaji.

Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo huzihesabu alama za mwili katika taarifa nyeti, na Tume ya kuisimamia. Mwaka huo huo wa 2023 wenye hifadhi ya mafuvu huko Berlin walitangaza kwamba katika yale waliyoyachunguza, yakiwamo ya msafara ule, 904 asili yake ni Rwanda, 202 Tanzania na 22 Kenya, na kwamba wako tayari kuyarejesha. Watafiti wa miaka hii angalau walikuta mafuvu ya kuhesabu. Alama ya uso iliyohifadhiwa ng'ambo haina uzito wala haishikiki, kwa hiyo Tume haina budi kuyadai makampuni, sasa hivi na kwa maandishi, yaseme sura za Watanzania zimewekwa wapi, zinatumika kwa kazi gani, na zitafutwa lini.