Kisichonuka

Kiswahili kina neno la zamani la mahali pa kutupia taka: jaa. Siku hizi tunasema dampo, na kwenye barua za serikali utakuta jalala, lakini jaa ndilo lenye historia. Jaa la nyuma ya nyumba lilipokea majivu, maganda ya ndizi, pumba na mavi ya kuku, na baada ya misimu miwili mitatu liligeuka udongo mweusi kuliko wote shambani. Maboga yaliota humo bila kupandwa. Mwenye jaa kubwa alikuwa na mbolea, na watoto walikatazwa kulichezea kwa sababu ya nyoka na vigae vya chupa tu.

Imani hiyo tumehama nayo hadi mjini. Hapa Babati bado nasikia watu wakiusifu udongo wa dampo: mweusi, laini, unaokuza mchicha haraka. Sifa hizo ni za kweli. Kilichobadilika ni kinachotupwa.

Babati ni mji wa njia panda. Barabara Kuu ya Kaskazini, sehemu ya ile njia ambayo Waingereza waliota ingetoka Cape hadi Cairo, inapita hapa kati ya Ziwa Babati na Mlima Kwaraa, na mpaka leo magari ya Arusha, Singida na Dodoma hukutana hapa. Mji wa namna hii huishi kwa gereji: mafundi wa kuchomelea, wapaka rangi, wachaji betri, wauza vipuri, wapima chuma chakavu kwa kilo. Kwa miongo mingi magari yaliyopita hapa yalitumia petroli iliyotiwa risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana huko Dakar mwaka 2001 kuachana nayo, na kufikia mwanzoni mwa 2006 zilikuwa zimeiacha. Risasi iliyokwisha kutoka kwenye mabomba ya moshi haikusoma makubaliano hayo. Ilitua kandokando ya barabara.

Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha, na Babati ikawa makao makuu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya 90,000 katika mji huu. Ya 2022 ikakuta karibu 130,000. Wakaja na ofisi, na ofisi zikaja na kompyuta, mashine za kuchapa na taa za tyubu. Majumbani zikaongezeka tochi za kuchaji, redio, simu na chaja zake zinazokufa baada ya miezi mitatu. Ndani ya kizazi kimoja jaa la maganda ya ndizi likawa na vitu ambavyo bibi zetu hawakuwahi kuvishika.

Betri ya gari, zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. (Kiswahili kililichukua neno hilo kutoka Kiarabu, na tukaliacha libebe maana mbili, madini na kile kinachotoka kwenye bunduki, nasi wengi tunaikumbuka ya pili tu.) Tyubu ya taa ina zebaki kidogo. Betri za kuchaji za aina ya zamani zina kadimiamu. Rangi za mageti na mashine zilichanganywa risasi na kromiamu ili zing'ae na zisipate kutu. Mabati yana zinki. Vyote huishia dampo, au nusu njia ya kwenda dampo, halafu tunafanya kile ambacho kila mji wetu hufanya taka zikizidi: tunachoma.

Moto hauiondoi metali. Karatasi na plastiki hupotea na lundo hushuka, hivyo macho huona kazi imefanyika, kumbe risasi iliyokuwa imefungwa ndani ya waya au rangi sasa imo kwenye majivu mepesi yanayopeperuka hadi shamba la jirani. Jaa la zamani nalo lilikuwa na majivu, ila yalikuwa ya kuni.

Historia ya madampo katika nchi yetu imeandikwa zaidi mahakamani, Dar es Salaam. Mwaka 1988 Joseph Kessy na wakazi wenzake wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya dampo lililokuwa likifuka moshi katikati ya makazi yao. Walishinda. Jiji likaomba muda, likapewa, likaomba tena, hadi mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipokataa, akiegemea ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Alishangaa mamlaka ya umma kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuhatarisha maisha ya watu. Hukumu hiyo hufundishwa vyuoni, na inastahili.

Lakini fuata taka zenyewe zilikokwenda. Zilipelekwa Kunduchi Mtongani. Mwaka huohuo wa 1991 Festo Balegele na wenzake 794 wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Zikahamia Vingunguti, baadaye Mtoni, na tangu 2007 zinakwenda Pugu Kinyamwezi. Kila kituo kilifungwa kwa sababu ambazo pua, macho na kifua vinazijua: moshi, uvundo, nzi, kikohozi. Mahakama ilisikiliza kilichokuwa kikiwasumbua walalamikaji, na walalamikaji walisema walichokihisi. Risasi na kadimiamu havinuki, kwa hiyo udongo haukuwa na wa kuusemea. Malori yalipohama, watu walipumua, na kesi ikawa imekwisha.

Dampo la Vingunguti liliteremka kuelekea bonde la Mto Msimbazi, bonde ambalo kwa miaka mingi limeilisha Dar es Salaam mchicha. Mwaka 1999 watafiti wawili, Bahemuka na Mubofu, walichapisha vipimo vya mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Walipima risasi, kadimiamu, shaba na zinki, na walizikuta ndani ya majani yanayoliwa. Dampo si chanzo pekee katika bonde hilo, kuna viwanda na barabara pia. Hata hivyo hicho kilikuwa kipimo cha kitu ambacho hakuna shahidi angeweza kukieleza kizimbani.

Nairobi walikwenda hatua moja mbele, wakapima watoto. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa utafiti ulioongozwa na Njoroge Kimani kuhusu dampo la Dandora. Watoto 328 wanaoishi na kusoma jirani na dampo walichunguzwa, na nusu yao walikuwa na risasi kwenye damu kwa kiwango cha mikrogramu 10 kwa desilita au zaidi. Leo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Haimwangushi siku moja kama kipindupindu. Inapunguza uwezo wake wa kujifunza, inajificha kwenye mifupa, na kwa msichana inaweza kurudi kwenye damu miaka mingi baadaye, akiwa mjamzito.

Risasi hunasa kwenye udongo wa juu, hasa wenye mboji nyingi, yaani udongo uleule mweusi tunaousifu. Haizami upesi na haiozi. Kwa sehemu kubwa humfikia mtu kwa vumbi: vidole vya mtoto, jani lisilooshwa vizuri. Kadimiamu ni janja zaidi. Udongo ukiwa na tindikali hupanda kwenye mizizi hadi majani, na kuosha hakusaidii. Tunda la boga hubeba kidogo kuliko majani yake, ila sisi ni watu wa kula majani ya maboga.

Mvua nayo hufanya kazi yake. Babati imekaa chini ya miteremko, na maji ya mji huelekea ziwani, kwenye perege na viboko. Sisi tulioona matope yalivyoishukia Katesh, Desemba 2023, hatuhitaji kufundishwa kwamba udongo hutembea.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 iliziachia serikali za mitaa kazi ya taka ngumu. Mji ukikua, dampo husogezwa mbele zaidi. Ndivyo ilivyokuwa Dar es Salaam. Linalobaki nyuma husawazishwa na greda, hufunikwa kifusi, na baada ya muda huja wapima ardhi. Ramani yao itakuwa na namba ya kiwanja, upana wa barabara ya mtaa na eneo kwa mita za mraba.