Nani Asikilizana na Nani: Lugha ya Utangazaji Kitale na Bungoma

1. Utangulizi

Wanaoandika juu ya historia ya utangazaji nchini Kenya huanza, takriban wote, na mitambo na wenye mitambo: mwaka huu kampuni fulani ilipewa kibali, mwaka ule serikali ilitwaa shirika, mwaka mwingine milango ikafunguliwa kwa wafanyabiashara. Njia hiyo haina kosa, lakini haimtoshi mwanafunzi wa lugha. Kwake yeye swali la kwanza si nani mwenye redio, bali ni nani asikilizaye pamoja na nani, na kwa lugha gani. Madhumuni ya makala haya ni kulichunguza swali hilo kwa kuitazama miji miwili ya magharibi ya Kenya, yaani Kitale na Bungoma. Tutajaribu kuonyesha kwamba mabadiliko ya vyombo vya habari yamekigusa Kiswahili kwa namna isiyoafikiana na kilio tulichokizoea, kwamba lugha inaharibiwa na watangazaji.

Kitale uko mashariki ya Mlima Elgon, na Bungoma uko kusini yake. Miji yote miwili ilipata nguvu kwa reli katika miaka ya 1920, lakini haikukua kwa namna moja. Kitale ulikuwa mji wa mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia, na vibarua wa mashamba hayo walitoka pande nyingi: Wabukusu, Wanandi, Waturkana, Wakikuyu na wengineo, licha ya Wasabaoti na Wapokot waliokuwa wenyeji wa pande hizo. Hapo Kiswahili kilikuwa lugha ya shamba, ya karani na ya dukani. Bungoma, kwa upande wake, ulikua katikati ya nchi ya Wabukusu, na mtu aliweza kununua, kuuza na kuamuliwa kesi yake ya ng'ombe bila ya kuvuka mipaka ya Kibukusu. Tofauti hiyo yafaa ikumbukwe, maana ndiyo inayoeleza mengi katika yatakayofuata.

2. Redio na majina ya watu

Utangazaji ulianza Kenya mwaka 1928, kwa Kiingereza na kwa ajili ya walowezi. Waafrika walianza kutangaziwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili, ili jamaa za askari waliopelekwa ng'ambo wapate habari zao. Katika matangazo hayo lilitokea jambo ambalo wanaisimu hawana budi kulizingatia. John Chemallan, aliyetangaza kwa Kinandi, alizoea kuwaita wasikilizaji wake kwa maneno yenye maana ya "nawaambieni". Wanafunzi wa shule ya Alliance nao walikuwa wakiyatumia maneno hayo kujitambulisha. Kutokana na usemi huo likaenea jina la Kalenjin, ambalo leo hujumlisha Wanandi, Wakipsigis, Wapokot, Wasabaoti na wenzao. Twaweza kusema basi kwamba hapa redio haikukuta jamii ikaitangazia tu, bali ilisaidia kuipa jamii jina lake.

Mambo ya Waluhya yalikwenda kwa njia nyingine, ingawa katika majira yale yale. Jina la Luhya lilipata nguvu katika miaka ya 1930 na 1940, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 kamati ya lugha ilijitahidi kuunda maandishi ya namna moja kwa lahaja zote. Jitihada hizo hazikufaulu sawasawa. Waragoli walishika yao, na Wabukusu nao hawakukubali kwamba lugha ya vitabu ndiyo yao. Kwa hiyo, redio ilipokuja kuwa na saa zake za Kiluhya, ilirithi ugomvi ambao kamati haikuumaliza. Mwandishi wa kitabu aweza kuchanganya lahaja mbili katika ukurasa mmoja. Mtangazaji hana nafasi hiyo, kwa kuwa afunguapo kinywa tu hujulikana atokako.

3. Idhaa moja ya taifa

Mwezi Julai 1964 serikali ililitwaa shirika la utangazaji lililoundwa mwaka 1961 na kuliita Sauti ya Kenya, jina lililodumu mpaka 1989. Kiswahili kikapewa Idhaa ya Taifa, Kiingereza idhaa yake, na lugha nyingine zikagawiwa saa chache chache. Kituo cha Kisumu ndicho kilichohudumia lugha za magharibi.

Mpango huo ulikuwa na ubahili wake, lakini ulizaa tabia fulani ya kusikiliza. Mfanyakazi wa shamba la Trans Nzoia na mwalimu wa Bungoma walisikia taarifa moja ya habari, kwa sauti moja, saa ile ile. Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Mombasa na kufariki dunia Februari 2025, aliendesha kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?" tangu 1966, naye aliwafundisha watu wa bara adabu na msamiati kwa pamoja. Kwa wengi wao Kiswahili cha namna hiyo hakikutoka kwa jirani wala darasani; kilitoka katika chombo.

Lakini sauti moja ina hatari yake. Tarehe 1 Agosti 1982 askari walioasi walimlazimisha Mbotela huyo huyo atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Palipokuwa na kinywa kimoja, aliyekishika kinywa hicho aliishika nchi, walau kwa saa chache. Asifiaye umoja wa wakati ule yampasa aukumbuke na upande huo.

4. Masafa na soko

Mlango ulianza kufunguka katika miaka ya 1990. Capital FM ilisikika Nairobi mwaka 1996, na Sheria ya Mawasiliano ilipitishwa mwaka 1998. Mwaka 2000 Kameme FM ilianza kutangaza kwa Kikuyu. Baadaye Kass FM na Chamgei FM zikatangaza kwa Kikalenjin, na Mulembe FM kwa Kiluhya. Shirika la serikali nalo likafuata, likiwa na Kitwek FM na Ingo FM kwa lugha hizo hizo mbili. Bungoma ukapata West FM, na Kitale ukapata Imani Radio ya Jimbo Katoliki la Kitale.

Palikuwa na hofu kwamba Kiswahili kingefukuzwa hewani. Hofu hiyo haikutimia. Radio Citizen, Radio Jambo na Radio Maisha zimejenga biashara zao kwa Kiswahili, tena bila ya kulazimishwa na sera yoyote ya lugha. Sababu yake yaonekana wazi tukiutazama mji kama Kitale. Mwenye duka la mbegu na mbolea hachagui kabila la mteja. Atakaye kuuza kwa wote hulipia tangazo kwa lugha ya wote. Kwa hiyo lile lililoanzishwa na vibarua wa mashamba katika miaka ya 1920 limeendelezwa na wanunuzi wa matangazo karne moja baadaye.

Kilichobadilika ni namna ya Kiswahili kinachosikika. Zamani Kiswahili cha redio kilikuwa cha kusomwa: kiliandikwa, kikasahihishwa, kikatamkwa. Sasa sehemu kubwa ya matangazo ni mazungumzo, na nusu ya mazungumzo hayo ni ya wapigao simu. Msemaji wa Kibukusu ambaye "baba" wake huelekea kusikika "papa" alikuwa, katika michezo ya redio na televisheni, mtu wa kuchekwa. Leo ndiye mchangiaji: aulizia bei ya mahindi, amlaumu mwakilishi wake wa kaunti, na hakuna amchekaye. Tukiyahesabu makosa yake ya upatanisho wa ngeli tutajaza daftari, nasi tutakuwa tumelikosa jambo kubwa, kwamba mtu aliyekuwa msikilizaji tu amekuwa msemaji.

5. Kusikilizana

Neno la Kiswahili "kusikilizana" lina maana mbili: watu kusikilizana maneno, na watu kupatana. Historia ya eneo hili yaonyesha kwamba maana hizo mbili hazitengani kwa urahisi.

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliugusa mkoa wote, wakati ambapo watu wa Mlima Elgon walikuwa tayari wakiteseka kwa vita vya ardhi vilivyoanza 2006. Tume ya Jaji Waki, iliyotoa taarifa yake mwaka 2008, ilizitaja redio za lugha za mama miongoni mwa mambo yaliyochochea chuki. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague. Kesi hiyo ilianza kusikilizwa Septemba 2013, na Aprili 2016 majaji waliifuta kwa kuwa ushahidi haukutosha. Hakupatikana na hatia yoyote.

Hukumu ya mambo hayo si kazi ya jarida la lugha. Lakini yapo mawili yanayotuhusu moja kwa moja. Kwanza, swali la maana ya semi na mafumbo ya Kikalenjin lilifikishwa mbele ya majaji wasioijua lugha hiyo, ilhali vyuo vyetu havikuwa vimeufanyia utafiti wa kutosha usemi wa redio za aina hiyo. Pili, mtu wa Kitale asiyejua Kikalenjin hakuwa na njia ya kujua jirani yake anaambiwa nini, wala yule wa Kikalenjin hakujua kinachosemwa kwingine. Kila mmoja alijaza pengo hilo kwa hofu yake.

Isidhaniwe kwamba tunalaumu lugha za mama. Chuki yaweza kusemwa kwa Kiswahili fasaha, na Katiba ya 2010, iliyokifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, yaiamuru serikali pia kuziendeleza lugha za wenyeji. Mzee wa Kisabaoti ana haki ya kusikia habari za dawa ya ng'ombe kwa lugha aielewayo. Tatizo ni kugawanyika kwa masikio bila ya kuwapo daraja.

Na mgawanyiko huo umezidi. Tarehe 30 Januari 2018 serikali ilipozima stesheni kubwa za televisheni, watu waliendelea kufuata habari kwa simu. Jambo hilo ladhihirisha kwamba kinywa kimoja cha 1982 hakipo tena. Lakini redio ya lugha yoyote iko wazi, na atakaye kusikia aweza kumtafuta mkalimani; kikundi cha simu kina mlango, na asiyealikwa hapiti. Mwandishi wa habari wa Bungoma, ambaye zamani alishindana na wenzake kufikisha taarifa Nairobi, leo hushindana na uvumi uliokwisha kuenea kabla hajafika mahali pa tukio.

6. Wajibu wetu

Yatupasa nini sisi wa idara za lugha? Kwa maoni ya mwandishi, mambo matatu. La kwanza ni kuhifadhi. Sauti ikishatangazwa bila ya kurekodiwa na kuwekwa imepotea, na pamoja nayo hupotea ushahidi wa historia ya lugha. Idara ikichagua stesheni mbili, moja ya Kitale na moja ya Bungoma, ikarekodi wiki moja ya matangazo kila mwaka, katika muda wa miaka kumi itakuwa na hazina isiyopatikana kwingine.

La pili ni kufunza. Watangazaji wengi wa lugha za mama wamefunzwa kazi yao kwa Kiingereza, kisha huachiwa wajitafutie wenyewe maneno ya mahakama, ya hospitali na ya bajeti. Istilahi hizo zaweza kuundwa pamoja nao, zikilinganishwa na za Kiswahili, ili habari moja isigeuke habari tatu.

La tatu ni kufasiri. Kiswahili, kwa kuwa ndicho kilichobaki kueleweka na wote katika soko la Kitale, ndicho kinachofaa kuwa daraja: kila stesheni ya lugha ya mama iwe na muhtasari wa Kiswahili wa yale iliyoyajadili siku hiyo, usomwe hewani kabla ya kufunga. Gharama yake ni dakika chache. Faida yake ni kwamba jirani atajua jirani yake ameambiwa nini.