Wazee wa SOMINKI: kampuni ilibadilisha jina, deni likabaki

Kwa familia nyingi za watumishi wa zamani wa SOMINKI, huko Namoya, Kampene na Kalima, kuna neno ambalo halijazeeka: dekonti ya mwisho. Ni ile hesabu ambayo mfanyakazi anapashwa kulipwa siku kazi yake inaisha. Wengi waliikata kazi bila kuipata, ao walipewa kiasi ambacho hawakukubali, na miaka imepita wakiidai.

SOMINKI ilizaliwa mwaka wa 1976, wakati kampuni za migodi za tangu enzi ya Wabelgiji, kati yao Symétain na Cobelmin, zilipounganishwa. Serikali ya Zaire ilikuwa na 28 kwa mia, wenye mali binafsi 72 kwa mia. Kalima ilitoa kasiteriti. Namoya, katika wilaya ya Kabambare, ilitoa zahabu. Sheria iliagiza mwajiri akate sehemu ya mshahara, aongeze yake, na kupeleka yote kwa INSS, shirika la usalama wa jamii lililoanzishwa tarehe 29 Juni 1961.

Mwezi wa Oktoba 1985 soko la kasiteriti lilianguka duniani. Kampuni ikadhoofika. Kisha pesa yenyewe ikafa. Mwaka wa 1993, zaire milioni 3 za zamani ziligeuka zaire mpya moja. Mwaka wa 1998, zaire mpya 100 000 ziligeuka franka moja ya Kongo. Maana yake, aliyekuwa akidai zaire bilioni 300 za zamani alibakia na franka moja. Ndiyo sababu wazee hawabishani tu juu ya kulipwa; wanabishana pia juu ya hesabu: deni lihesabiwe kwa pesa gani?

Wakati huohuo mwenye kampuni alikuwa anabadilika. Mwaka wa 1996 Banro, kampuni ya Kanada, ilinunua sehemu ya wenye mali binafsi. Mwaka wa 1997 SAKIMA ikaundwa, Banro ikiwa na 93 kwa mia, na SOMINKI ikaingia katika ufilisi. Tarehe 31 Julai 1998 Rais Laurent-Désiré Kabila alifuta mapatano hayo. Siku mbili baadaye vita vikaanza. Mwaka wa 2002 serikali na Banro wakapatana: Banro ikachukua zahabu ya Namoya, Lugushwa, Kamituga na Twangiza, na SAKIMA ikarudi kwa serikali pamoja na kasiteriti.

Migodi ilipata wenyewe kila mara. Deni la wafanyakazi halikupata mrithi aliye wazi. Mzee akibisha mlango mmoja, alielekezwa mwingine.

Hapa kuna jambo ambalo huchanganya wengi. Dekonti ya mwisho ni deni la mwajiri. Pensheni ya uzee hulipwa na INSS, ambayo tangu 2018 inaitwa CNSS. Lakini CNSS huhesabu miezi ambayo mwajiri alitangaza na kulipia. Kama mwajiri alikata mshahara bila kupeleka pesa, ao aliandika jina vibaya, mzee anaweza kuambiwa kwamba miezi yake haionekani. Hapo kinachomtetea ni karatasi: kontra, karatasi za mshahara, cheti cha mwisho wa kazi, namba ya INSS.

Na vita vimekula karatasi. Waliokimbia Salamabila kuelekea Kasongo ao Kabambare walibeba watoto na sufuria. Sanduku la mzee lilibaki nyumbani.

Wenzao wa Gécamines huko Katanga, 10 655 waliotolewa kazini kuanzia 2003, walidai kwamba walilipwa pungufu. Walijiunga pamoja, na malalamiko yao yakafika hadi Benki ya Dunia.

Kwa sheria, ugomvi wa mfanyakazi na mwajiri hupita kwanza kwa inspekta wa kazi, ili kujaribu upatanisho. Ukishindikana, anaandika hati, nayo ndiyo inafungua njia ya tribinali. Mzee akiwa amefariki, mjane na yatima wana haki yao katika pensheni. Kwa hiyo anayebaki na karatasi hata moja yenye namba ya kazi, asiitupe, na majina ya waliofanya kazi pamoja naye yaandikwe wakati wangali hai.