Metal Zone na Sifa Yake Mbaya: Historia Fupi ya Mkwaruzo wa Gitaa

Mwaka 1991 kampuni ya Boss ya Japani ilitoa pedali ndogo ya gitaa yenye rangi ya kijivu iliyokoza, ikaipa namba MT-2 na jina Metal Zone. Kampuni yenyewe husema imeshauza zaidi ya milioni moja, na hadi leo bado inatengenezwa. Hata hivyo, itaje mbele ya wapiga gitaa wazoefu nao watacheka. Watasema inalia kama nyuki waliofungiwa ndani ya kopo, kwamba ni kifaa cha wanafunzi, na kwamba mwanamuziki anayejiheshimu huificha kabla wenzake hawajafika mazoezini.

Mimi nashikilia kwamba sehemu kubwa ya hukumu hiyo si ya haki. MT-2 ina kasoro zake, nami nitazitaja. Lakini kinachoitwa ubovu wake kimetokana zaidi na mahali ilipochomekwa, amplifaya iliyounganishwa nayo, na mtindo wa muziki uliokuwa ukitawala ilipoingia sokoni. Kulielewa hilo kunahitaji turudi nyuma ya mwaka 1991, kwa kuwa historia ya distosheni ni historia ya vifaa vilivyodharauliwa kabla ya kupata watu wa kuvitumia.

Hitilafu iliyogeuka sauti

Distosheni hutokea pale sauti ya gitaa inapokuzwa kupita kiwango ambacho kifaa kinaweza kukibeba. Vilele vya wimbi hukatwa, na katika kukatwa huko huzaliwa sauti nyingine za juu ambazo hazikuwamo kwenye waya wa gitaa. Fundi wa redio wa miaka ya 1940 aliisikia sauti hiyo kama dalili ya kifaa kibovu, na kazi yake ilikuwa kuiondoa.

Wanamuziki wa Marekani ndio waliokataa iondolewe. Mwaka 1951, kule Memphis, bendi ya Ike Turner ilirekodi wimbo wa Rocket 88 kwa Sam Phillips, huku mpiga gitaa Willie Kizart akitumia amplifaya iliyoharibika safarini. Sauti ilitoka imekwaruza, nao wakaiacha hivyohivyo. Mwaka 1958 Link Wray alitoa Rumble baada ya kuitoboa spika yake kwa makusudi ili apate mkwaruzo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika studio ya Nashville, njia moja ya mashine ya kuchanganyia sauti iliharibika wakati Grady Martin akipiga sehemu yake ya gitaa la besi la nyuzi 6 katika wimbo wa Marty Robbins, Don't Worry. Besi ikatoka imeraruka. Fundi mitambo Glenn Snoddy hakuitupa sauti ile. Alishirikiana na mwenzake kubuni sakiti ya transista iliyoweza kuitoa kila inapohitajika, wakaiuzia kampuni ya Gibson.

Ndipo mwaka 1962 ilipozaliwa Maestro FZ-1 Fuzz-Tone, pedali ya kwanza ya mkwaruzo kuuzwa kibiashara kwa upana. Gibson waliitangaza kama kifaa cha kuliwezesha gitaa kuiga tarumbeta na ala nyingine za kupuliza. Baada ya maduka kujaza shehena ya kwanza, mauzo yalidorora. Mwaka 1965 Keith Richards wa Rolling Stones aliitumia katika (I Can't Get No) Satisfaction, akikusudia sehemu ile ya gitaa ishike tu nafasi ya tarumbeta ambazo zingerekodiwa baadaye. Wimbo ulitolewa ukiwa na gitaa lilelile, ukavuma dunia nzima, na pedali zilizokuwa zimekaa rafuni zikaisha. Sakiti haikuwa imebadilishwa. Kilichobadilika ni kwamba wasikilizaji walishaonyeshwa kazi yake.

Afrika nayo ina ushahidi wake. Katika miaka ya 1970 vijana wa Zambia, wakiwemo bendi ya WITCH na Paul Ngozi, walilijenga roki lao, linalojulikana sasa kama Zamrock, juu ya gitaa la mkwaruzo. Kinshasa, bendi ya Konono No. 1 ya Mawangu Mingiedi ilipitisha sauti ya likembe kwenye maikrofoni za kujitengenezea na vipaza sauti vilivyozidiwa nguvu, ili ngoma ya asili isikike juu ya kelele za jiji. Mkwaruzo uliotokea haukuwa umetafutwa, lakini ulipokelewa ukawa sehemu ya muziki. Albamu yao Congotronics ilipotoka mwaka 2004, wasikilizaji wa Ulaya waliusifu kama kitu kipya kabisa.

Boss na ndugu mkubwa wa MT-2

Roland, kampuni mama ya Boss, ilianzishwa Osaka mwaka 1972 na Ikutaro Kakehashi. Mwaka 1977 Boss walitoa pedali zao ndogo za kwanza zenye umbo ambalo halijabadilika hadi leo, mojawapo ikiwa OD-1 ya ovadraivu, yaani mkwaruzo mwepesi. Mwaka uliofuata ikaja DS-1 ya rangi ya chungwa, ambayo baadaye ilikanyagwa na watu wenye mitindo tofauti kabisa, kama Joe Satriani na Kurt Cobain. DS-1 pia imesemwa sana kwa urahisi wake wa bei, lakini majina ya walioitumia yameilinda.

Mwaka 1983 ikatoka HM-2 Heavy Metal, na hii ndiyo ya kutazamwa kwa karibu. Boss waliikusudia impe mwenye amplifaya ndogo kitu kinachokaribia sauti ya mtambo mkubwa uliofunguliwa mpaka mwisho. Wengi waliisikia ni kali na isiyo ya kawaida. Uzalishaji wake ulisimamishwa mwaka 1991, mwaka uleule MT-2 ilipoanza.

Lakini huko Stockholm, Sweden, vijana wachache walikuwa tayari wameifanyia jambo ambalo hakuna mhandisi angelipendekeza. Walizungusha nobu zake zote nne mpaka mwisho. Sauti iliyotoka ilikuwa kama ya msumeno, nzito chini na kali juu, nayo ikanaswa katika studio ya Sunlight chini ya mtayarishaji Tomas Skogsberg. Albamu ya Left Hand Path ya bendi ya Entombed, iliyotoka mwaka 1990, na Like an Ever Flowing Stream ya Dismember, ya mwaka 1991, ndizo zilizoifanya sauti hiyo iwe alama ya muziki wa deth metali wa Sweden. Bendi za nchi nyingine zilifuata, bei ya HM-2 zilizotumika ikapanda, na karibu miaka 30 baada ya kuacha kuitengeneza Boss walilazimika kuirudisha katika toleo la kifahari. Kisa hiki kinapaswa kumfanya yeyote anayeicheka MT-2 asite kidogo.

Ndani ya kasha la kijivu

MT-2 ilijengwa kwa mawazo makubwa kuliko bei yake. Ina vidhibiti 6 vilivyobanwa katika nafasi 4, kwa kuwa mbili kati ya nobu zake ni za ghorofa, moja juu ya nyingine. Kuna cha kiasi cha sauti na cha kiasi cha distosheni. Kuna cha sauti za juu na cha besi. Halafu kuna jozi ya sauti za kati, ambapo nobu moja huongeza au kupunguza, na nyingine huchagua ni eneo gani hasa linaguswa, kuanzia Hz 200 hadi Hz 5,000. Uwezo huo wa kuchagua eneo la sauti za kati hupatikana kwa kawaida kwenye mashine za studio. Kuukuta kwenye pedali ya mwanafunzi mwaka 1991 lilikuwa jambo kubwa.

Ifuate sauti inavyosafiri humo. Kwanza sauti za kati husukumwa mbele ili distosheni iwe kali na yenye mshiko. Kisha wimbi hukuzwa sana na kukatwa na dayodi. Baada ya hapo hupita kwenye vichujio vya kudumu ambavyo mpigaji hawezi kuvigusa, vinavyoinua eneo la karibu na Hz 100 na eneo la karibu na Hz 5,000. Mwishoni kabisa ndipo vidhibiti vya mpigaji hufanya kazi. Maana yake ni kwamba hata nobu zote zikiwa katikati, pedali hii tayari imeshainua chini na juu, na sauti za kati zimebaki bondeni. Aliyeitengeneza alimpa mtumiaji nobu za kulijaza bonde hilo. Wengi walizitumia kulichimba zaidi.

Lawama ilikotoka

Kwa nini walilichimba? Mtindo wa wakati ule uliwafundisha hivyo. Albamu ya Metallica ya 1988, ...And Justice for All, ilikuwa imewazoesha vijana gitaa zenye besi nzito, sauti za juu zinazokata, na katikati palipopunguzwa. Kwenye santuri sauti hiyo ilisimama kwa sababu gitaa lilirekodiwa zaidi ya mara moja, kwa amplifaya bora na maikrofoni zilizowekwa na mafundi. Kijana wa nyumbani alizungusha nobu ya sauti za kati mpaka sifuri akidhani amefika hapohapo.

Sababu ya pili ni sikio lenyewe. Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio la binadamu hupokea besi na sauti za juu sana kwa udhaifu zaidi kuliko za kati. Anayefanya mazoezi chumbani usiku kwa sauti ya chini huongeza besi na sauti za juu mpaka aridhike. Akifika jukwaani na kuongeza sauti, alichoongeza kinamrudia maradufu, na sehemu ya kati ambayo ndiyo humtofautisha na ngoma na gitaa la besi haipo tena. Wenzake hawamsikii ila kwa makelele ya juu. Kwa kuwa MT-2 ilimpa nguvu nyingi za kurekebisha, ilimpa pia nguvu nyingi za kukosea.

Sababu ya tatu ni amplifaya. Wanunuzi wengi walikuwa wanaoanza, wenye amplifaya ndogo za transista na spika finyu. Besi nyingi ya MT-2 haiwezi kutoka kwenye spika ya namna hiyo, hivyo hubaki zile sauti za juu peke yake. Nyuki wanaotajwa wanatoka hapo. Isitoshe, MT-2 inafanya kazi ya sehemu nzima ya mbele ya amplifaya: inakuza, inakata na kurekebisha. Ukiichomeka kwenye tundu la mbele, sauti iliyokwisha kupikwa inapikwa tena na vidhibiti vya amplifaya. Ukiichomeka kwenye tundu la nyuma linalorudisha sauti ya efekti, kwenye amplifaya yenye tundu hilo, unairuka hatua ya kwanza na kwenda moja kwa moja kwenye nguvu na spika. Mpiga gitaa wa Sweden Ola Englund ameionyesha njia hii hadharani kwa video, na wengi waliokuwa wakiicheka pedali hii walistaajabu kusikia gitaa la metali lenye uzito na mpangilio.

Waswahili husema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Katika kesi hii pedali ndiyo iliyosingiziwa.

Kasoro za kweli

Haki inataka tuseme na upande wa pili. MT-2 ina mshindo wa kelele distosheni inapofunguliwa sana, na anayeitumia hivyo anahitaji kifaa cha kuzima kelele. Inaibana sauti mno, hivyo tofauti kati ya kupiga kwa upole na kupiga kwa nguvu hufifia. Ukipunguza sauti kwenye gitaa haisafiki kama inavyosafika pedali nyepesi ya ovadraivu. Na nobu za ghorofa, zenye kuitikia kwa ukali kila zinaposogezwa kidogo, si rafiki wa mtu mwenye haraka jukwaani. Mpiga bluzi au mpiga rumba hana sababu ya kuinunua. Hayo yote ni kweli, lakini yanaeleza mipaka ya kifaa kilichotengenezwa kwa kazi moja mahususi.

Katika kazi hiyo inafaulu, ikipangwa kwa akili. Chukua gitaa lenye pikapu za koili mbili. Weka distosheni chini ya nusu, kwa kuwa pedali hii ina akiba kubwa kuliko inavyohitajika. Rudisha besi nyuma kidogo ya katikati na sauti za juu vivyo hivyo. Peleka kichaguzi cha sauti za kati kwenye eneo la Hz 500 hadi 1,000, kisha ongeza kidogo badala ya kupunguza. Bonde linajaa, noti za akodi zinatengana, na gitaa linapata nafasi yake katikati ya bendi. Hakuna kilichobadilishwa ndani ya kasha.

Boss wenyewe mwaka 2018 waliirudia sakiti hii katika toleo la MT-2W linalotengenezwa Japani, wakaacha sauti ya awali katika hali moja na kuongeza ya pili iliyosafishwa zaidi. Kampuni haifanyi hivyo kwa kifaa inachokionea aibu.

Hukumu yangu basi ni hii. MT-2 ni pedali ngumu, yenye kelele na isiyofaa kila muziki, na anayesema hivyo amesema kweli. Anayesema ni mbaya amehukumu vyumba vya mazoezi vya miaka ya 1990, amplifaya ndogo na mtindo wa kuondoa sauti za kati, kisha akaandika jina la pedali juu ya hati ya mashtaka. Fuzz-Tone ilimngoja Richards kwa miaka mitatu, na HM-2 ilihitaji vijana wa Stockholm. MT-2 inastahili kusikilizwa kwa masharti yaleyale: kwanza ichomekwe inavyopaswa, nobu ya sauti za kati irudishwe mahali pake, ndipo tuijadili.