Barabara ya Bombo na Kikombe cha Methadoni

Kawempe, divisheni ya jiji la Kampala, imekua kandokando ya Barabara ya Bombo, na mengi yaliyoijenga yameshuka kwa njia hiyo kutoka kaskazini: mahindi, wanajeshi, na waragi wa Wanubi. Haboba wangu, mama mzazi wa mama yangu, alizaliwa Bombo. Wazee wake walikuwa katika kundi la askari wa Kisudani waliobaki upande wa Ziwa Albert baada ya gavana wao, Emin Pasha, kuondoka, ambao ofisa Mwingereza Lugard aliwachukua mwaka 1891 wawatumikie Waingereza. Bombo ikawa kambi yao, na wao ndio walioitwa Wanubi. Wanaume walishika bunduki, wanawake wakashika pipa la kupikia waragi.

Kazi yenyewe niliiona nikiwa mtoto, nyuma ya nyumba yetu Bwaise, mtaa wa Kawempe. Muhogo uliochachuka ndani ya pipa, moto wa kuni chini yake, mrija wa shaba uliopitishwa kwenye maji baridi, na chupa ya kukingia matone. Katika ujana wa haboba, sheria ya kikoloni ilimkataza Mwafrika pombe ya kukeneka, kwa hiyo walipika usiku. Pombe hiyo ilimlipia mama karo. Pombe hiyohiyo ilimmaliza mjomba wangu mkubwa, na nyumbani hakuna aliyemwita mgonjwa. Walisema hana haya.

Familia yetu haikuwa na ukatili wa pekee; wengine pia waliitazama pombe kama riziki kwanza. Katika miaka ya 1950 wanazuoni wawili, Southall na Gutkind, walichunguza maisha ya Kisenyi na Mulago, na hiyo Mulago leo imo ndani ya divisheni ya Kawempe. Waliandika juu ya vilabu vya pombe na wanawake waliojipatia riziki humo. Serikali nayo ilipoishughulikia pombe kali baada ya uhuru, kwa Sheria ya Enguli (yaani waragi wa kienyeji) ya mwaka 1965, ilitaka mpishi awe na leseni na auze pombe yake kwa kiwanda cha taifa, ambako ilisafishwa na kutiwa chupani kwa jina la Uganda Waragi. Leseni ilipatikana, chupa ikapatikana. Aliyeshindwa kuiacha hiyo chupa hakufikiriwa.

Angepelekwa wapi? Tiba ya akili katika nchi hii ilianzia gerezani, Hoima, katika miaka ya 1920. Baadaye wagonjwa walihamishiwa Mulago, na mwaka 1955 ikafunguliwa hospitali ya Butabika, mbali kabisa na sisi, upande wa ziwa. Mzizi huo wa gerezani haujang'oka. Mpaka leo mtoto wa Kampala akitaka kumtukana mwenzake humwambia aende Butabika. Mzazi mwenye kijana mlevi aliona afadhali amfungie ndani kuliko jirani asikie jina hilo.

Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani liliiweka Uganda juu ya orodha ya nchi zote kwa unywaji: zaidi ya lita 19 za pombe halisi kwa kila mtu mzima kwa mwaka. Waragi wa vifuko vya plastiki ulikuwa umejaa kila duka la mtaa wa Kalerwe, kwa bei ambayo hata mtoto wa shule aliimudu. Vifuko hivyo vilipigwa marufuku mwaka 2019.

Kufikia wakati huo kizazi changu kilikuwa kimeshavukia heroini. Mimi nilianza kuivuta, nikaishia kujidunga, na sindano tuliazimana. Anayesema mteja wa unga, yaani heroini, anatafuta raha hajaijua arosto: mifupa inauma, tumbo linakatika, jasho linatoka huku unatetemeka kwa baridi, na usingizi hauji. Wakubwa wangu walinifungia chumbani, wakamleta shekhe anisomee. Nawashukuru, kwa kuwa hawakunitupa. Arosto ilipita, nikatoka, na baada ya muda nikarudi kijiweni. Mwili ulikuwa bado unadai.

Kati ya waliotutetea mapema ni Wamala Twaibu, ambaye mwenyewe aliwahi kutumia heroini na husema hivyo hadharani. Mwaka 2008 ulianzishwa mtandao wa Uganda Harm Reduction Network, naye ni mwanzilishi wake. Majirani walitutangulia: hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na hospitali ya Mathari, Nairobi, mwaka 2014. Butabika ikaanza mwaka 2020.

Methadoni ni dawa ya maji, hunywewa kikombeni mbele ya muuguzi. Inakaa palepale ndani ya ubongo ambapo heroini ingekaa, na inadumu zaidi ya siku nzima, hivyo arosto haipandi. Wanaanza na kipimo kidogo, wanakiongeza taratibu mpaka mwili utulie. Wako wanaosema tumebadilisha unga kwa unga. Mimi ninayeinywa nawajibu kwamba sindano nimeiacha, wizi nimeuacha, na wanangu wanajua nitalala wapi.

Sheria zetu zimeyumba kuliko kikombe hicho. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 ilifutwa na Mahakama ya Katiba Mei 2023 kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi, na Bunge likapitisha nyingine mwaka uleule. Katika muda wote huo, dawa Butabika haikungoja wanasheria.

Kilichowaangusha wenzangu wengi wa Kawempe ni nauli. Kikombe ni cha kila siku. Unapanda teksi hadi mjini, unabadilisha, unavuka jiji hadi Butabika, kisha urudi ukatafute kibarua ambacho saa zake zimeshapita. Asiye na kibarua hana nauli, na asiye na nauli anakosa kikombe, na ikifika usiku arosto imemrudisha kijiweni, ambako muuzaji yuko hatua chache tu kutoka mlangoni.

Ombi langu kwa Wizara ya Afya na kwa KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, ni hili: methadoni itolewe katika vituo vya afya vya divisheni, kwetu Kawempe na kwa wenzetu pia, na dirisha lifunguliwe alfajiri, kabla watu hawajaenda kazini. Wauguzi wapo. Wagonjwa mnatujua, maana mnapita mbele yetu kila siku Bwaise na Kalerwe.