Ifahamu Kanuni ya Herufi Kubwa katika Nomino za Kijerumani

Kendwa, Unguja. Kijiji cha Kendwa, kilichopo Wilaya ya Kaskazini "A", Mkoa wa Kaskazini Unguja, ni miongoni mwa maeneo ya pwani yanayotegemea sana utalii, na Ujerumani imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa nchi zinazoleta wageni wengi Zanzibar. Kwa muongoza watalii, nahodha au mhudumu wa hoteli, programu ya simu ya kujifunzia lugha ni njia nafuu ya kupata msamiati wa kuwahudumia wageni hao. Hata hivyo, orodha ya maneno iliyoandikwa bila kuzingatia herufi kubwa na ndogo humfundisha mwanafunzi makosa, kwa kuwa katika Kijerumani herufi hiyo ni sehemu ya tahajia ya neno.

Kanuni yenyewe

Katika Kijerumani kila nomino huanza kwa herufi kubwa, popote inapokaa katika sentensi, iwe jina la mtu au la kitu cha kawaida. Hivyo huandikwa Strand (ufukwe), Boot (boti), Insel (kisiwa), Nelke (karafuu) na Zimt (mdalasini). Vitenzi, vivumishi na vielezi huanza kwa herufi ndogo, isipokuwa vinapoanzisha sentensi. Kitenzi kikitumika kama nomino hupewa herufi kubwa: schwimmen ni kitenzi cha kuogelea, na das Schwimmen ni kuogelea kama shughuli.

Herufi inapobadilisha maana

Yapo maneno ambayo katika maandishi hutofautishwa na herufi ya mwanzo pekee. Essen ni chakula, essen ni kula. Arm ni mkono, arm ni maskini. Weg ni njia, weg humaanisha kuwa mtu au kitu hakipo tena mahali hapo. Sie kwa herufi kubwa katikati ya sentensi ni namna ya heshima ya kumwita mgeni unayezungumza naye, ilhali sie ni yeye kwa mwanamke, au wao.

Mfano unaogusa kazi ya utalii moja kwa moja ni neno Morgen. Kwa herufi kubwa ni asubuhi, kwa herufi ndogo ni kesho. Ujumbe usemao "Das Boot fährt am Morgen" unaeleza kuwa boti inaondoka asubuhi. "Das Boot fährt morgen" unaeleza kuwa inaondoka kesho. Anayetaka kusema kesho asubuhi huandika morgen früh. Leo asubuhi ni heute Morgen, ingawa vitabu vilivyochapwa kabla ya mageuzi ya tahajia ya mwaka 1996 huonesha heute morgen.

Chanzo cha makosa katika orodha

Kwa kompyuta, A na a ni alama mbili tofauti: ya kwanza hupewa namba 65 na ya pili namba 97. Makosa huingia kwa njia tatu. Kwanza, kibodi ya simu mara nyingi hukuza yenyewe herufi ya mwanzo ya kila ingizo jipya, hivyo kitenzi essen huhifadhiwa kama Essen. Pili, baadhi ya programu hupuuza ukubwa wa herufi zinaposahihisha majibu, na mwanafunzi anayeandika strand huambiwa amepatia. Tatu, programu za majedwali zinapotumika kuondoa maneno yaliyojirudia huweza kuhesabu Morgen na morgen kuwa neno moja, na mojawapo hufutwa.

Tofauti na Kiswahili

Kiswahili huitambulisha nomino kwa ngeli na upatanisho wa kisarufi: kisiwa kizuri, visiwa vizuri. Herufi kubwa hutumika mwanzoni mwa sentensi na katika majina maalumu, yakiwemo ya watu, mahali na lugha. Kwa hiyo Mswahili huandika "chakula cha Kijerumani" kwa K kubwa, wakati Mjerumani huandika "deutsches Essen", kivumishi kwa herufi ndogo na nomino kwa herufi kubwa. Maneno ya Kijerumani yaliyoingia katika Kiswahili yamefuata desturi ya Kiswahili: Schule imekuwa shule, na Heller, sarafu ndogo iliyotumika katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, imekuwa hela.

Kijerumani hakikuwa peke yake katika desturi hii. Kidenmaki nacho kiliandika nomino kwa herufi kubwa hadi mageuzi ya mwaka 1948 yalipoiondoa. Wazungumzaji wa Kijerumani waliibakiza, na mageuzi ya mwaka 1996 hayakuifuta. Tangu mwaka 2004 tahajia ya lugha hiyo husimamiwa na baraza maalumu lenye makao yake Mannheim, Ujerumani.

Mambo ya kuzingatia

Anayetayarisha orodha ya msamiati anapaswa kwanza kuzima ukuzaji wa herufi unaofanywa na kibodi, kisha kuandika kila neno kama linavyoonekana katika kamusi. Kila nomino iandikwe pamoja na kineno chake cha jinsia ya kisarufi na umbo lake la wingi, kwa mfano der Strand, die Strände. Die Insel, die Inseln. Das Boot, die Boote. Maneno yanayofanana, kama Morgen na morgen, yawekwe katika maingizo mawili, kila moja na sentensi yake fupi ya mfano. Programu ikiwa na mpangilio wa kutofautisha herufi kubwa na ndogo wakati wa kusahihisha, uwashwe.

Katika mazungumzo ya mdomo tofauti hiyo ya herufi haisikiki, na mgeni hufahamu kutokana na muktadha. Lakini ratiba ya safari, orodha ya vyakula, bango la ufukweni na ujumbe wa simu husomwa kama vilivyoandikwa, na mgeni aliyesoma "kesho" mahali palipokusudiwa "asubuhi" huikosa boti yake.